Kunoa Picha ya Mtu Aliyegeuka

Cherono, na nyinyi wengine mliobaki pale studio: mlisema niwaandikie ninayoyajua kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Ila tangu niwaachie funguo nimekaa nyumbani, ng'ombe ameshakamuliwa, mvua ya mchana ya hapa Kericho imenifungia ndani, na mke wangu amechoka kuniona nikisogeza viti. Basi naandika. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona kosa la herufi, lirekebisheni mnyamaze. Lakini picha nzuri ya zamani, ile nyeusi na nyeupe, ikitoka mji huu, jueni ilipita mkononi mwangu au mkononi mwa mtu niliyemfundisha. Hilo naandika bila aibu.

Nilianza nikiwa mchuma chai. Mzee Njoroge, aliyetoka upande wa Mlima Kenya akafungua studio nyuma ya soko, alikuwa anatafuta mtu wa kuosha picha kwa maji. Nilipoingia hakuniuliza jina. Alisema, "Leta vidole." Nikamwonyesha. Mnajua utomvu wa chai unavyoacha vidole.

"Atiriri! Hivi ni vidole ama ni makaa?"

"Ni chai, mzee."

"Chai inanywewa, haipakwi. Enda utafute ndimu, usugue, urudi."

Nikarudi. Siku ya kwanza nzima nilifuta kioo kimoja. Jioni nikamuuliza ni lini nitaonyeshwa picha. Akainua kile kioo kwenye dirisha, akakiangalia kwa upande, akanirudishia. "Kuna alama ya kidole. Ni yako." Siku ya pili nikafuta tena. Mkishangaa kwa nini nilikuwa nawapigia kelele kuhusu kioo cha skana, mjue kelele hiyo ina ukoo wake.

Njoroge alifanya kila kitu kwa mkono. Alikuwa na kipande cha kadibodi kwenye waya, akikipitisha juu ya karatasi ili uso usiungue na mwanga. Alikuwa na penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano, ya kuziba matundu kwenye negativu. Na alikuwa na sheria moja ambayo wateja hawakuipenda: picha ya marehemu haiguswi usoni mpaka mtu aliyemjua akiwa hai akae pale kwenye stuli. Wateja walilalamika. Wengine walikuwa wamesafiri kutoka mbali, wanataka picha waende. Yeye alijibu, "Mimi sikumjua mama yako. Nikimpa pua, nitampa pua ya kwetu."

Alipozeeka akarudi kwao, studio ikabaki na mimi. Kemikali zikaanza kukosekana, halafu kompyuta ikaja, na skana, na printa. Watu walidhani nitaacha kazi. Maneno ya kwenye kompyuta yalikuwa Kiingereza kitupu na mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusalimia tu. Nilichofanya ni kubonyeza kila kitu, kimoja kimoja, juu ya nakala, na kuangalia picha inafanya nini. Kitu kikiharibu uso, nilikijua hata kama sikujua jina lake.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe, kwa sababu nimeona mnaanza na kunoa. Kunoa ni mwisho. Hakuna mtu ananoa panga kabla ya kulifua.

Kwanza picha yenyewe. Nyingi zinazotujia zimekaa jikoni kwenye moshi au kwenye fremu ya sebuleni, tano au sita zimebanana chini ya kioo kimoja. Unyevu wa huku unazigandisha. Mteja atakuambia uibandue. Usibandue. Ukibandua, shavu litabaki kwenye kioo. Safisha kioo upande wa nje, skani ikiwa hivyo hivyo, na umwambie mteja aende nayo salama. Zile zilizochapishwa kwenye karatasi ya vinundu, ile inayong'aa kama ngozi ya kuku, skani mara mbili, ya pili ukiwa umezigeuza juu chini, halafu uzilinganishe. Vinundu vinatoa kivuli upande mmoja tu, ndiyo maana.

Zima kile kitu cha skana cha kunoa chenyewe. Skana haijui unachapisha kwa ukubwa gani. Ondoa vumbi na mikwaruzo ukiwa umekuza picha, kidogo kidogo, na usipitishe brashi kubwa usoni kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Kisha tafuta weusi wako na weupe wako. Blauzi nyeupe lazima ibaki na mikunjo, na nywele lazima zibaki nywele, zisiwe kofia. Halafu punguza au kuza mpaka ukubwa wa kuchapisha. Hapo ndipo unanoa.

Na kunoa ni nini? Kompyuta haiongezi kitu ambacho hakikuwepo. Inachukua mpaka wa giza na mwanga, inatia giza giza zaidi na mwanga mwanga zaidi, jicho linadanganyika kwamba kuna makali. Ukizidisha, mstari mweupe unatokea kando ya kila kitu. Mama mmoja wa Londiani aliniletea picha ya mumewe iliyotoka duka lingine, kichwa chote kimezungukwa na mwanga. Akaniuliza, "Fundi, huyu amekuwa malaika lini? Mimi nimeishi naye, namjua." Tukarudia. Ukinoa punje za filamu pia, ngozi inatoka kama mtu aliugua ndui. Kwa hivyo noa macho, nywele, vifungo, mikono, na uache mashavu yapumue.

Kwenye karatasi isiyong'aa, wino unatambaa kidogo, kwa hivyo noa zaidi ya vile kioo cha kompyuta kinakuambia inatosha. Kwenye karatasi inayong'aa, punguza. Chapisha kipande kidogo kwanza, ubandike ukutani, uende mpaka mlangoni uangalie kutoka hapo, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Printa yetu ikikoroga rangi zote kutengeneza kijivu, marehemu anatoka kijani. Chagua wino mweusi peke yake. Nimeona familia ikishindwa kulia kwa sababu baba amekuwa rangi ya kabichi.

Hayo yanatosha. Sasa niwaambie habari ya Rael, kwa sababu Cherono peke yake ndiye alikuwepo na wengine mmeisikia nusu nusu.

Rael alitoka upande wa Mulot, mama mtu mzima, anauza mahindi, wajukuu anao. Alikuja na picha moja imefungwa kwa kitambaa. Ilikuwa ya wachuma chai wamesimama mstari mbele ya banda la kupimia, vikapu mgongoni, siku ya mawingu. Mpiga picha aliwaambia wasitikisike, na wote walitii kama askari. Wote isipokuwa mmoja. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa na mwili na mikono na kikapu, lakini usoni kulikuwa na ukungu. Huyo ndiye alikuwa mama yake Rael, jina lake Chelangat. Aliugua akafariki kabla Rael hajaacha kunyonya. Picha nyingine haikuwepo. Rael hakuukumbuka uso wa mama yake hata kidogo.

Sasa familia ilikuwa inajengea kaburi. Zamani watu wetu hawakuwa na mambo ya kujengea makaburi, lakini siku hizi ni saruji na vigae na picha juu yake. Fundi wa kaburi alikuwa anangoja hiyo picha. Rael alisema, "Fundi, wanasema wewe unanoa picha mpaka mtu anaongea. Mnoe mama yangu."

Nikamwambia ukweli hapo hapo. Hicho si kitu cha kunoa. Picha ambayo haikulengwa vizuri unaweza kuisaidia kidogo. Mtu aliyegeuka wakati kamera imefunguka, uso wake umetandazwa kama siagi kwenye mkate. Nikinoa, nitanoa ukungu.

Cherono akasema kuna programu mpya kwenye simu, inaweza kujaribu. Sikukataa. Mimi nilianza na kadibodi na waya nikafika kwenye kompyuta, sina ugomvi na kitu kipya. Akaipitisha. Tukangoja kidogo, na uso ukatokea.

Nitasema haki: ulikuwa uso mzuri. Macho mawili safi, meno, ngozi kama ya mtu aliyeoga sasa hivi. Rael alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Machozi yakaanza. "Mama," alisema. "Mama, kumbe ulikuwa hivi." Cherono naye akaanza kufuta macho. Rael akachukua simu yake ili awatumie watu wa nyumbani.

Nikamwambia, "Ngoja. Nani yuko hai aliyemjua?"

"Bibi yetu, Gogo Tapkigen. Mdogo wake. Lakini ni mzee sana, fundi, na macho yake yana ukungu. Haoni."

"Mlete."

"Nimekuambia haoni."

"Nimesikia. Mlete hivyo hivyo."

Aliondoka amekasirika. Alirudi na Gogo wiki iliyofuata, wamemwinua kutoka kwenye gari kama gunia la mayai. Kikongwe, amejifunga shuka mbili, na masikio yake ni yale ya wazee wetu, yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka ndewe zikawa vitanzi. Nikamkalisha kwenye stuli, nikakuza ule uso mpya mpaka ukajaa kioo chote cha kompyuta. Akasogea mpaka pua ikagusa. Akatazama upande mmoja, akatazama upande wa pili.

"Huyu ni nani?"

Rael akacheka kidogo, kicheko cha woga. "Gogo, ni mama. Ni Chelangat."

"Hapana. Hii ni mtu ya mjini."

"Gogo, macho yako..."

"Macho yangu iko na ukungu, haina ujinga. Masikio yake imeenda wapi?"

Tukatazama. Ile programu ilikuwa imeona vitanzi vya masikio, ikadhani picha imechanika, ikaviziba. Ilikuwa imempa masikio mazima kama ya mtoto wa shule. Cherono akasema kwa heshima, "Gogo, masikio naweza kurudisha."

"Utarudisha kutoka wapi? Na hiyo pua utarudisha kutoka wapi? Na hiyo meno?" Akanigeukia mimi. "Wewe, mzee, nani alizaa huyu mnanionyesha?"

Jibu ni hakuna mtu. Cherono akaufuta uso ule kutoka kwenye kioo bila kuambiwa.

Rael akasimama. Mtu akipoteza kitu alichokuwa nacho kwa wiki moja tu, anaumia kama alikuwa nacho miaka yote. Alinielekezea kidole. "Wewe ndiye ulitaka hivi. Nilikuwa na mama, umeniondolea." Kuna wakati wa kujibu mteja na kuna wakati wa kukaza kofia.

Halafu akatulia, akaketi, akasema jambo ambalo liliniingia. "Basi fanya hivi. Wote wanasema nafanana naye. Nipige picha sasa hivi. Chukua macho yangu, uweke pale. Chukua mdomo wangu. Si ni damu moja?"

Jamani, ningeweza. Mikono ninayo. Watu waliofumba macho kwenye picha za harusi nimewafumbua, wengi sana, lakini hao walikuwa hai, walijitazama kwa kioo wakasema sawa. Nikamwambia Rael, "Nikifanya hivyo utakuwa umeweka picha yako kwenye kaburi la mama yako. Kila ukienda pale utajiona wewe umekufa."

Alilia tena, na mara hii haikuwa kwa furaha. Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati, ikabidi tukae tu. Gogo ndiye aliyeuliza.

"Na ile yenyewe iko wapi? Ile ya zamani?"

"Ile ni ukungu tu, Gogo," Rael alisema.

"Hata mimi ni ukungu tu. Mniwekee."

Nikaweka ile niliyoskani mwenyewe, bila kunoa, bila kitu. Nikakuza wa tatu kutoka kushoto mpaka akajaa. Kwa macho yangu ilikuwa kama moshi umesimama juu ya shingo. Gogo akasogea. Akakaa hivyo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Huyo sasa! Woi, Chelangat! Angalia vile anatupa shingo. Alikuwa anageuka hivyo hivyo, kama ndama imeitwa."

"Unamwona uso?" Rael aliuliza.

"Uso ya nini? Mtu anajulikana na kugeuka. Yule mtu ya picha alisema hakuna mtoto kwa mstari. Ati mtoto ataharibu. Mimi nikakushika, nikasimama kando huko, nyuma ya mama yako. Ndiyo maana mimi siko kwa picha. Akasema, sasa hakuna kupumua. Wote wakakauka. Na wewe ukalia."

Rael akaacha kufuta machozi.

"Ulilia kama mbuzi," Gogo aliendelea. "Wengine wote walisimama. Yeye akageuka. Yule mtu ya picha alitutukana sisi wote, ati tumemharibia filamu. Chelangat akamwambia, piga ingine. Hakupiga. Alisema filamu si ya bure."

Mvua ya mawe ilipungua ikawa mvua ya kawaida. Rael alivuta kiti karibu na kioo, akakaa bega kwa bega na Gogo, wakatazama ule ukungu pamoja. Mara akauliza, bila kuniangalia, "Alikuwa anatazama upande huu?" Gogo akachukua mkono wa Rael, akauweka juu ya kioo, akaupitisha kutoka kulia kwenda kushoto, mahali uso ulipoanzia na mahali ulipofika. Ukiangalia ukungu kwa makini unaona njia. Mimi nilikuwa nimeuangalia muda wote huo kama kasoro.

Kazi iliyofuata ilikuwa rahisi kuliko zote, ndiyo maana naiandika. Nilimwambia Cherono azungushe uzio kwenye kile kichwa na shingo, kompyuta isipaguse. Kila kitu kingine tulikinoa: banda, vikapu, aproni, nyuso za wale wengine, majani yaliyoshikwa kwenye nyuzi za vikapu. Mikono ya Chelangat haikuwa imesogea. Alikuwa ameshika kamba ya kikapu kifuani, na tulipoinoa, vidole vyake vilitoka mpaka kucha, mpaka lile giza la utomvu kwenye viungo. Rael aliweka mkono wake kando ya kioo, akalinganisha. Kidole gumba kilikuwa chake kabisa, kifupi na kipana. Hilo hatukulichora sisi. Lilikuwepo.

Cherono aliuliza kama tumkate peke yake, maana kigae cha kuwekea picha ni kidogo. Rael akakataa. Alitaka mstari wote, ili waliokauka waonekane, na yule asiyekauka aonekane. Tukachapisha, nikabandika ukutani, nikaenda mlangoni. Kutoka mbali, na kwa ukubwa mdogo, ukungu unajikusanya. Unaona mwanamke anageuza kichwa haraka. Usoni hamna kitu unachoweza kukitaja, lakini huwezi kusema hakuna mtu.

Fundi wa kaburi alipiga simu studio. Alisema picha tuliyomtumia imeharibika, mtu muhimu uso umetikisika, wengine ambao hawahusiani wako sawa, tumtumie nyingine. Nikamwambia aweke hiyo hiyo. Akasema jina lake litaharibika. Nikamwambia aandike jina langu nyuma ya kigae, mimi sina wasiwasi.

Nilialikwa siku ya kumaliza kaburi, nikaenda Mulot. Watu walikuwa wengi, na kila aliyefika pale aliinama kwenye kigae, akakifuta kwa kidole akidhani ni vumbi, kisha akainuka na swali lilelile. Shemeji aliuliza. Mchungaji naye aliuliza, kwa upole, kama kuna picha nyingine iliyo wazi zaidi. Rael alikuwa amesimama pale kichwani pa kaburi, na Gogo kwenye kiti kando yake. Rael alimjibu kila mmoja jibu lilelile, na hakuchoka kulirudia.

"Hapo ni mimi nililia," alisema. "Akageuka."